Nani kakushonea?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita kwa vijana wa ushonaji na mitindo, ukumbini Sinza. Mvua iliwazuia wengi kufika na simu zimekuwa nyingi za kuniomba niitume, basi nimeiandika yote kama nilivyoisema. Picha zilizokuwa zinapita ukutani nimeziacha, nimezieleza kwa maneno.

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, mambo vipi? Mbona mmepoa, ni hii mvua? Haya, mambo vipi tena! Sawa, sasa nimewasikia.

Nianze na methali ambayo bibi yangu alikuwa ananiambia kila nikimuomba niende kwa binamu nikachukue kiatu au blauzi ya kuendea Idi. Nyie mnaijua, malizieni. Nguo ya kuazima... Eeeh. Haisitiri matako. Bibi aliisema kwa sauti kali kabisa, na mimi nimeishi nayo miaka yote, na nikaja kuwa fundi, na siku moja nikaanza kufuatilia hawa mastaa wadogo wadogo wa Marekani na Ulaya mnaowaweka kwenye simu zenu kama sampuli, mnaniletea dukani "dada nataka hii hii", ndipo nikagundua kitu ambacho kilinikalisha chini. Lile gauni ni la kuazima. Karibu yote yale mnayoyaona kwenye zulia jekundu ni ya kuazima!

Sikilizeni inavyokwenda, maana wengi hamjaambiwa. Staa ana mtu wake wa kumvalisha, stailisti. Kukiwa na tuzo au uzinduzi wa filamu, stailisti anaandika kwa nyumba za mitindo wiki kadhaa kabla, anaomba. Anaomba, jamani! Nyumba ya mitindo ikikubali inatuma sampuli, yaani lile gauni moja lililopita jukwaani likiwa limevaliwa na mwanamitindo. Linafika kwenye boksi, fundi anaitwa analibana kwa mishono ya mkono ambayo inaweza kufumuliwa, kwa sababu gauni linatakiwa kurudi. Mikufu na hereni za almasi zinakuja na walinzi wake. Usiku ule picha zinapigwa, dunia nzima inaona, kesho yake boksi linafungwa. Mshahara wa stailisti mara nyingi unalipwa na kampuni ya filamu kama shughuli ni ya kuitangaza filamu. Sasa niambieni, yule dada alinunua nini pale? Hakununua kitu. Ametoa sura yake, mwili wake na jina lake, nyumba ya mitindo imetoa kitambaa. Wamebadilishana.

Na kuna kitu kimoja ambacho mimi kama fundi kinaniuma. Sampuli ina vipimo vyake tayari, vya mwanamitindo mrefu mwembamba, kwa hiyo mara nyingi mwili ndio unahangaika kulifuata gauni. Sisi huku tunaanza na futi. Mteja anasimama mbele yangu, nampima kifua, kiuno, nyonga, urefu mpaka kisigino, halafu ndio nashika chaki. Gauni linamfuata yeye. Msije mkaona hiyo ni kitu cha kizamani, hiyo ni heshima ambayo mteja wenu anaipata Manzese na staa mwingine haipati Los Angeles.

Mnamkumbuka Lupita Nyong'o na lile gauni la lulu? Dada yetu, muigizaji, Mkenya, Mjaluo, mwaka 2014 alichukua Oscar, ile tuzo ya filamu ya Marekani, akiwa na gauni la Prada la buluu nyepesi ambalo alisema linamkumbusha Nairobi. Sasa mwaka uliofuata, Februari 2015, akarudi na gauni la Calvin Klein lenye lulu 6,000. Elfu sita! Sisi hapa tukitunga shanga 500 kwenye kola ya sendofu tunalalamika shingo. Siku chache baada ya tuzo gauni likaibiwa hotelini, likakadiriwa thamani yake kwenye dola 150,000, polisi wakaingia kazini, na baada ya siku mbili likakutwa kwenye choo cha hoteli ile ile, na habari zikaenea kwamba mwizi amelirudisha baada ya kujua zile lulu ni za bandia. Mimi kwenye habari ile nilimfikiria Lupita tu, amelala hotelini na mali ya watu kabatini. Nani kati yenu amewahi kulala na gauni la kukodi ndani, anasikia paka juu ya bati anaamka kuwasha taa? Mikono juu. Naona, naona.

Mwaka juzi alikuja mteja kwangu, binti wa miaka 22, ana picha ya staa kwenye simu. Anataka gauni hilo kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa, na kitambaa kile kile kinavyong'aa. Nikampigia hesabu, akasema sawa. Amelipa, nimeshona, amependeza, kweli alipendeza. Baada ya miezi miwili akarudi analia, anataka kuniuzia gauni lile. Pesa alikopa, ile mikopo ya kausha damu, kila Ijumaa wanakuja mlangoni. Nikamuuliza, mwanangu, unajua yule dada kwenye picha hakulipa hata shilingi? Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Alifikiri anamfuata mtu aliyenunua, kumbe anamfuata mtu aliyeazima, halafu yeye ndio kalipa na riba. Nililinunua lile gauni, bado ninalo, na nimelileta leo, lipo kwenye kenchi pale nyuma. Mkitoka mliguse mlione.

Sasa msiniambie dada unatukataza kupenda mastaa. Hapana! Mimi mwenyewe napenda. Nataka mpende kile kinachofanyika nyuma ya picha, na hapo ndipo namleta Zendaya, muigizaji wa Marekani, maana hakuna somo la mavazi ya staa kijana linalonifurahisha kama la huyu binti na stailisti wake Law Roach.

Roach ni kijana wa Chicago, alikuwa na duka la mitumba. Ndio, mitumba, nguo za zamani zilizochaguliwa vizuri, kama wale dada zetu wa Karume wanaojua kuchambua mzigo alfajiri kabla jua halijachomoza. Mwaka 2011 akakutana na Zendaya, binti wa miaka 14, anaigiza vipindi vya watoto kwenye televisheni. Wakaanza kazi. Roach anaandika kwa nyumba kubwa, anaomba gauni. Mwaka 2024 alikuja kuelezea mwenyewe hadharani kwamba nyumba tano kubwa zilimkatalia, akazitaja, Saint Laurent, Chanel, Gucci, Dior, Valentino. Binti bado mchanga, jaribu tena mwakani. Mwakani ukifika, hivyo hivyo.

Nyie mngefanya nini? Niambieni ukweli. Si mngekata tamaa? Si mngesema tuna mikosi, wenzetu wana bahati?

Yeye alifanya hivi. Kipindi kile majarida ya Marekani yalikuwa na ukurasa wa kuweka picha za watu wawili waliovaa nguo moja, wasomaji wanaamua nani kapendeza zaidi. Mastaa wote walikuwa wanaukimbia ukurasa ule kama ukoma. Roach akaona hapo pana mlango. Akawa anachukua kwa makusudi nguo ambayo tayari imeshavaliwa na mtu maarufu kuliko binti yake, anamvalisha Zendaya, kwa hiyo jarida linalazimika kuweka picha yake karibu na ya yule mkubwa. Mnaona akili hiyo? Nguo iliyovaliwa, ambayo wengine wanaiona aibu, yeye akaifanya ngazi. Na wabunifu wadogo ambao hakuna aliyewaomba, akawaomba.

Tuzo za Oscar za 2015, usiku ule ule wa Lupita na lulu zake, Zendaya ana miaka 18, ametokea na gauni jeupe la Vivienne Westwood na rasta ndefu. Mtangazaji mmoja wa kipindi cha mitindo akasema kwenye televisheni kwamba nywele zile zinaonekana kama zinanuka mafuta ya patchuli au bangi. Binti wa miaka 18, jamani, siku yake kubwa. Hakutukana. Aliandika maneno machache ya heshima, akataja baba yake, kaka yake, na watu wasomi wenye rasta kama zile, akaeleza kwamba nywele za mtu mweusi zina uzuri wake na hazitaki kuombewa radhi. Yule mtangazaji akaomba msamaha hewani. Kabla mwaka haujaisha kampuni ya Mattel ikatengeneza Barbie mwenye gauni lile jeupe na rasta zile zile. Hebu fikirieni mtoto wa kike anaona mdoli ana rasta.

Nikizungumzia nywele lazima niseme la nyumbani kidogo, 2007 Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico na kichwa chake kimenyolewa kabisa, msichana wa Tanzania aliyesomea mambo ya umeme, na akaingia kumi bora. Wapo hapa ndani watu waliomsema wakati ule. Nawajua. Leo mabinti zenu wananyoa.

Turudi kwa Zendaya. Julai 2017 akawekwa kwenye kava la jarida la mitindo la Vogue, toleo la Marekani. Roach anasema mpaka wakati huo kuna nyumba ambazo hazijawahi kumpa hata mkanda wa kuvaa kwenye zulia. Desemba 2020 Valentino wakatangaza kuwa yeye ndiye sura yao. Mnajua ni lini alianza kuvaa Valentino kwenye zulia? Roach anasema ni mkataba ulipokuwepo. Yaani aliposaini na kulipwa! Mlango aliofungiwa akiwa mtoto aliupita kama mwenye nyumba. 2021 chama cha wabunifu wa Marekani kikampa tuzo yake kubwa ya mvaaji, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata, na mwaka uliofuata kikamtunuku Roach tuzo ya stailisti, ikiwa ndio mara ya kwanza kutolewa.

Na hata baada ya hapo hawakuacha vya zamani. Februari 2024, London, uzinduzi wa filamu, Zendaya akatoka amevaa vazi la chuma na plastiki angavu la Mugler, kama roboti, kila mtu mdomo wazi. Vazi lile ni la mwaka 1995. Yeye amezaliwa 1996! Lilikuwa limekaa kwenye hifadhi linamsubiri. Miezi michache mbele alikuwa anatangaza filamu ya wacheza tenisi, akavaa viatu vya Loewe ambavyo kisigino kimechoma mpira wa tenisi kabisa. Hapo ndipo utaona kwamba wale watu hukaa mezani wakauliza, tunakwenda wapi, tunasema nini, ndio wanatafuta nguo. Sisi mteja anakuja anasema "nishonee chochote kizuri" na sisi tunasema sawa. Chochote kizuri ndio nini? Muulizeni! Unakwenda kufanya nini? Utakaa au utasimama? Utapigwa picha mchana au usiku kwenye taa? Ukumbi una zulia au vigae? Nani atakuwepo unayetaka akuone? Haya maswali hayana gharama, na mimi nimeyajua nikiwa na miaka 15 kazini, najuta nilichelewa.

Haya, kava la jarida. Hapa naomba mabinti mnisikilize kwa makini, na nyie wapiga picha mliokaa kule kwenye spika nanyi pia.

Kwenye zulia unapigwa picha unaondoka. Kwenye kava, picha yako inabaki mikononi mwa watu. Oktoba 2015 jarida moja la mtandaoni linaitwa Modeliste lilitoa picha za Zendaya, ana miaka 19, na alipoziona akashtuka, nyonga zimepunguzwa na kiwiliwili kimechongwa kwa kompyuta. Nyonga zake mwenyewe! Akachukua picha halisi na ile iliyochezewa, akaziweka pamoja kwenye Insta watu waone, akasema ukweli wake. Mhariri akaziondoa picha zile, na zile halisi zikatolewa.

Novemba 2017 ikamkuta Lupita. Jarida la Grazia la Uingereza likamweka kwenye kava, na zile nywele zake za kipilipili zilizofungwa kwa nyuma zikafutwa, juu zikalainishwa. Akaandika jinsi alivyovunjika moyo kuona sehemu ya urithi wake imeondolewa ili akae kwenye uzuri wa watu wengine. Mpiga picha akaomba radhi.

Halafu Adut Akech. Huyu wengi hamumjui, mtafuteni. Ni mwanamitindo wa Sudan Kusini, utoto wake ameupitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma hapo Kenya, akahamia Australia na mama yake, akiwa na miaka 16 akapanda jukwaa la Saint Laurent Paris. Agosti 2019 jarida moja la huko Australia likamhoji, na yeye akazungumzia jinsi watu wanavyowaona wakimbizi na watu weusi. Jarida likatoka. Maneno ni yake, picha kubwa ni ya msichana mwingine mweusi. Wamewachanganya! Kwenye mahojiano ambayo anaeleza kuhusu kudharauliwa. Aliandika kwamba imemuumiza, na kwamba jambo kama hili lisingemtokea mwanamitindo mzungu. Mwisho wa mwaka ule ule akapewa tuzo ya mwanamitindo bora wa mwaka kule London.

Watatu hao. Wote vijana, wote wana majina, wote wana mawakili, na bado yamewakuta. Je sisi? Nenda studio yoyote hapa mjini, kapige picha ya sendofu. Ukipokea picha, ngozi imekuwa nyeupe shati, pua imechongwa, shingo imerefushwa, na mpiga picha anategemea umwambie asante. Nani alimwomba? Kuna bibi harusi mmoja niliyemshonea, mweusi ametakata, nilimchagulia kitambaa cha rangi ya machungwa iliyoiva makusudi kwa ajili ya ile ngozi, nilizunguka Kitumbini mtaa mzima siku mbili natafuta rangi ile. Picha zikaja. Ngozi imepaushwa, na ukipausha ngozi na kitambaa nacho kinapauka, rangi yangu ikawa kama chai ya maziwa. Kazi yetu wote wawili, mimi na Mungu, ikafutwa kwa kidole kimoja. Alinipigia simu ananiuliza dada mbona gauni limefubaa. Gauni halijafubaa mdogo wangu, ni picha.

Wapiga picha, nawaomba. Nawaomba kabisa. Chezeni na mwanga, msicheze na ngozi ya mtu.

La matangazo nitapita haraka kwa sababu mwanasheria atazungumza baada yangu, yeye atawaeleza vizuri zaidi. Mimi naongeza moja tu. Zendaya na Valentino, Zendaya na Louis Vuitton kuanzia 2023, Lupita na Lancôme kuanzia 2014, pale iliandikwa karatasi. Imeandikwa sura itatumika muda gani, nchi zipi, kwa bidhaa gani, na wewe huruhusiwi kutangaza ya nani mwingine. Huku kwetu binti anaitwa, "njoo upige picha mbili tatu za nywele, tutakupa nauli na wigi". Ninae mteja, miaka minne sasa uso wake upo kwenye pakiti za nywele bandia, anaiona sokoni, anaiona kwenye bajaji, alipewa elfu hamsini. Hana karatasi. Majirani zetu Kenya, 2023 ofisi yao ya kulinda taarifa za watu iliipiga faini sehemu moja ya starehe Nairobi, shilingi za kule 1,850,000, kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Picha moja. Na sisi sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2022. Basi ulizeni kabla ya kusimama mbele ya kamera, na mkiambiwa "tutaandikishana baadaye", vaa viatu vyako uende nyumbani.

Sasa nafika kwenye jambo langu. Hili ndilo lililonifanya nikubali kuja leo, na naomba uvumilivu.

Miaka ya 1990 huko Marekani mtangazaji Joan Rivers alikuwa anasimama pembeni ya zulia na kipaza sauti, kila staa akipita anaulizwa, leo umevaa ya nani? Watu walilibeza lile swali, wakasema ni la kijinga, wanawake wanaulizwa nguo badala ya kazi zao, na kwenye hilo wana haki. Ila mimi fundi nalisikia kwa sikio lingine. Lile swali lilikuwa linamwita mtu ambaye hayupo pale. Mtu aliyebaki nyuma na sindano.

Maana kabla ya swali lile, ilikuwaje? Sikieni kisa cha Ann Lowe. Mwanamke mweusi wa Alabama, bibi yake alizaliwa utumwani, bibi na mama wote washonaji. Alikuwa na karakana New York, anawashonea matajiri. 1953 akapewa kazi ya gauni la harusi la Jacqueline Bouvier, binti wa miaka 24 anayeolewa na seneta Kennedy, ambaye atakuja kuwa rais. Siku kama kumi kabla ya harusi bomba likapasuka karakana, maji yakaingia, gauni la bibi harusi na magauni mengi ya wasindikizaji yakaharibika. Nyie mnajua maana yake, hebu fikirieni ni nyie, kazi ya wiki nane imeloa! Hakumwambia mtu. Alinunua kitambaa kingine kwa pesa yake, akakusanya watu, wakashona usiku na mchana, wakamaliza. Alipolipeleka akaambiwa apite mlango wa nyuma. Akasema kama ni mlango wa nyuma basi magauni yanarudi New York na mimi. Akapita mlango wa mbele. Alipata hasara ya zaidi ya dola elfu mbili kwenye kazi ile. Na harusi ilipofika, magazeti yakalielezea gauni, hariri yake, mikunjo yake, na jina la Ann Lowe kwenye kurasa nyingi halikuandikwa. Picha ile imezunguka dunia nzima miaka 70. Wangapi kati yenu mmewahi kuiona? Na wangapi mlijua jina la fundi?

Kimya. Ndio hivyo.

Sasa geuza upande wa pili. 2002 muigizaji Halle Berry anapanda kuchukua Oscar, amevaa gauni la rangi ya zabibu, juu kitambaa cha wavu na mauwa yaliyotariziwa. Aliyelishona ni Elie Saab, Mlebanoni wa Beirut, kijana aliyefungua karakana yake akiwa na miaka 18 mwaka 1982, vita vinapigwa mjini. Kwao alikuwa anajulikana, Marekani walikuwa hawamjui. Jina lake likatajwa usiku ule, na kesho yake dunia ikamjua. 2015 mwimbaji Rihanna akaingia Met Gala, ile hafla kubwa ya mitindo New York, na joho la manjano lenye mkia mrefu, kilo 25, nusu ya mfuko wa saruji mabegani mwa mtu! Ni kazi ya mbunifu Guo Pei wa Beijing, ilichukua kama miaka miwili. Rihanna alimpata kwa kutafuta kwenye intaneti tu. Akamtaja. Januari iliyofuata Guo Pei alikuwa Paris anaonyesha kazi zake kwenye wiki ya mavazi ya wakubwa. Jina lilitajwa. Ni hilo tu, jina lilitajwa!

Na mimi niwaambie langu. Miaka kadhaa nyuma alikuja muigizaji mmoja kijana, sitamtaja na msinifuate mkiniuliza. Ana uzinduzi wa filamu, hana bajeti, akaniomba nimshonee halafu atanitangaza. Nikakubali. Nilikuwa na binti mwanafunzi wangu, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, tulitunga shanga usiku nne mfululizo, umeme ukikatika tunatumia tochi ya simu, mmoja anashika mwingine anachoma sindano. Tulimaliza asubuhi ya siku yenyewe. Akavaa. Aling'aa yule dada, kila ukurasa wa udaku umemweka. Watu wanauliza kwenye maoni, dada gauni umetoa wapi, nani kakushonea? Tukasubiri. Mimi na yule binti tumekaa dukani na simu, tunasubiri atutaje.

Akajibu ameagiza Dubai.

Yule binti aliniletea simu nisome, hakusema kitu, akarudi kukaa kwenye ovaloki. Mwezi uliofuata akaniaga, akasema anakwenda kwao kulima. Nilimbembeleza. Mpaka leo sijapata mkono kama ule. Sina hasira na muigizaji, alikuwa mtoto, aliona aibu kusema amevalishwa bure na fundi wa uchochoroni, kama mimi zamani nilivyoona aibu na blauzi ya binamu. Alidhani ile methali inamsema yeye. Mimi nasema kuazima kungesitirika vizuri tu, kilichokuwa kinatakiwa ni kumtaja mwenye nguo.

Kwa hiyo leo sitaki makofi. Nimewaangalia tangu naingia, humu ndani kuna mishono, kuna vitenge, kuna suti imekaa begani kama imemwagwa, na najua nyingi mmeshoneana nyie wenyewe. Nataka tupite mmoja mmoja. Ukifikiwa unasimama, unageuka wakuone mbele na nyuma, unataja jina la fundi wako kwa sauti mpaka waliokaa barazani wanaokimbia mvua wasikie. Kama fundi yupo humu naye asimame. Wapiga picha, kamera tayari, na mkiposti majina yote mawili yaandikwe, la aliyevaa na la aliyeshona.

Tuanze na wewe dada wa kitenge cha njano, mstari wa pili. Ndio, wewe. Simama mama, usione haya. Geuka tuone mgongo. Jamani ile zipu imelala vile! Haya tuambie, nani kakushonea?